Pointi mbili zilizobaki jikoni: kupinga uamuzi wa kunyimwa PIP

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miaka 46, naishi Leicester, Uingereza, kwetu Tanga. Mwaka wa sita huu naumwa baridi yabisi: viganja, viwiko, magoti. Nafanya usafi wa ofisi masaa 12 kwa wiki, na nina kibali cha kuishi hapa moja kwa moja. Niliomba PIP (Personal Independence Payment, malipo ya serikali kwa wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu), nikahojiwa kwa simu, mwanangu wa kiume akinitafsiria. Juzi barua imekuja: pointi 6 za maisha ya kila siku (kupika 2, kuoga 2, kuvaa 2) na pointi 4 za kutembea. Nimenyimwa. Wanasema napika mwenyewe, navaa mwenyewe, na kwa kuwa nilisema naswali mara tano basi magoti yangu yanakunjika. Ukweli ni kwamba binti yangu ndiye anayenimenyea na kuninyanyulia sufuria. Daktari wangu mwenyewe anajua naumwa. Nikate rufaa? Naogopa wasije wakanipunguzia Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) au wakaniharibia maombi ya uraia. Na nikiitwa, niende na fimbo hata kama siishiki kila siku?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa viungo na kwa barua.

Ndiyo, upinge. Ila rufaa si mlango wa kwanza. Kwanza unaiomba Idara ya Kazi na Pensheni, hiyo tunayoiita DWP, iuangalie upya uamuzi wake yenyewe. Bila kupita hapo baraza la rufaa halikupokei. Una mwezi mmoja, na unahesabiwa tangu tarehe iliyochapwa kwenye barua, si tangu siku ilipoangukia mlangoni kwako. Ukichelewa kwa sababu nzito, kama kulazwa hospitali, unaweza kuomba upokelewe hadi miezi 13 tangu uamuzi, lakini hapo unakuwa mikononi mwao. Usifike huko.

Hofu zako tuzimalize mapema, maana ndizo zinazowafungia wengi barua kabatini. PIP haiangalii kipato wala akiba. Ukiipata haipunguzi Universal Credit, na kazi yako ya masaa 12 si kosa. Ilianzishwa mwaka 2013 kuchukua nafasi ya malipo ya zamani ya ulemavu kwa watu wazima, na tangu mwanzo mwenye kazi na asiye na kazi wote wanaruhusiwa kuiomba. Kwa mwenye kibali kama chako, kuomba haki ambayo sheria imekupa, au kukata rufaa ukinyimwa, si doa kwenye maombi ya uraia. Anayepaswa kusita ni yule ambaye kibali chake kimeandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma. Huyo asiombe chochote kabla hajaonana na mshauri wa uhamiaji. Na wewe huna cha kupoteza: umepewa pauni sifuri, na chini ya sifuri hawawezi kukupeleka.

Sasa kiini cha barua yako. Umeandika kwamba daktari anajua unaumwa. Mwanangu, hata DWP wanajua. Soma tena barua yao, hutaona popote waliposema huumwi. PIP hailipi ugonjwa. Watu wawili wenye baridi yabisi ile ile, dawa zile zile, mmoja atapata na mwingine atanyimwa, kwa sababu kinachopimwa ni kazi 12 tu za maisha na jinsi unavyozifanya. Kumi ni za kila siku: kutayarisha chakula, kula, kutumia dawa na kufuatilia ugonjwa, kuoga, kwenda choo, kuvaa na kuvua, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu, na kuamua mambo ya fedha. Mbili ni za mwendo: kupanga na kufuata safari, na kutembea kwa miguu. Kila kazi ina ngazi zake, na kila ngazi ina pointi. Katika kazi moja unahesabiwa ngazi moja tu, ile ya juu inayokufaa. Ukijumlisha zile kumi ukapata 8, unalipwa kiwango cha kawaida. Ukifika 12, kiwango cha juu. Za mwendo zinajumlishwa peke yake kwa kipimo hicho hicho. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, kiwango cha kawaida cha maisha ya kila siku kilikuwa pauni 73.90 kwa wiki na cha juu kilikuwa 110.40, cha mwendo vilikuwa 29.20 na 77.05.

Kwa hiyo wewe una 6 na unatakiwa 8. Umekosa pointi mbili, na mimi nikisoma maelezo yako naziona zimekaa jikoni.

Katika kupika, anayehitaji kifaa cha kumsaidia, tuseme kiti kirefu cha kukalia mbele ya meza au kisu chenye mpini mnene, hupewa 2. Anayehitaji mtu wa kumsimamia au kumsaidia kwa mikono hupewa 4. Asiyeweza kabisa hupewa 8. Mkaguzi, yule aliyekuhoji kwa simu, amekuweka kwenye kifaa. Umeniambia binti yako anamenya, ananyanyua sufuria. Hiyo ni mikono ya mtu mwingine, na mikono ya mtu ni 4. Ukipata 4 hapo, 6 zako zinakuwa 8 bila kugusa kitu kingine.

Lakini jua watakujibu nini: kwamba ungenunua sufuria nyepesi, kifungulio cha umeme na mboga zilizokwishakatwa. Sufuria nyepesi na kifungulio uvijibu kabla hawajauliza: umevijaribu? Vilishindwa wapi? Kuhusu mboga, kipimo ni chakula cha mtu mmoja, sahani moja, kilichopikwa kwa vitu vibichi, kwenye jiko la kawaida. Si pilau la Idd, na hakuna atakayekuuliza kama unakuna nazi. Ni viazi viwili, karoti, kipande cha kuku. Kuinama kufungua oveni hakuhesabiwi, maana sheria inazungumzia jiko la urefu wa kiunoni kwenda juu, basi usipoteze aya nzima kuelezea oveni. Elezea kumenya. Elezea kukamata kisu. Elezea kumwaga maji ya moto ya viazi: mkono upi unashika, nini kinatokea kwenye kifundo, mara ya mwisho uliyaangusha lini, yalimwagikia wapi.

Na hata kama siku moja moja unaweza, kuna maneno manne ndani ya kanuni ambayo nakuomba uyabandike kwenye friji. Ili wahesabu kwamba unaweza kazi fulani, lazima uweze kuifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule anaotumia mtu asiye na ulemavu. Likikosekana hata moja, kisheria ngazi hiyo huiwezi. Anayepika chai ya asubuhi kisha hawezi kushika kitu hadi jioni, hajaweza "kurudia". Anayemenya viazi viwili kwa dakika arobaini, hajaweza kwa muda.

Kuhusu usalama watu hudhani lazima uungue kila siku ndipo uhesabiwe. Sivyo. Mwaka 2017 majaji watatu wa baraza la juu la rufaa walikaa pamoja kwenye mashauri ya watu wenye kifafa na mtu asiyesikia, ambaye akivua vifaa vyake vya masikio ili aoge hawezi kusikia king'ora cha moto. Wakasema swali si uwezekano wa madhara peke yake. Wapime na ukubwa wake yakitokea. Jambo adimu lakini lenye kuua au kuunguza vibaya haliwezi kupuuzwa. Maji yanayochemka kwenye viganja vinavyoachia bila taarifa yanaingia humo humo.

Kisha kuna siku. Ngazi inakuhusu ikiwa inakupata katika zaidi ya nusu ya siku zote, ukitazama miezi 3 ya nyuma na 9 ya mbele. Baridi yabisi ina siku zake, na huenda mkaguzi alikukamata ukisema "siku nyingine nakuwa vizuri". Ngapi kwa wiki? Ungejibu "nne mbaya, tatu nafuu", pointi zingebaki palepale kwenye siku mbaya. Na jambo ambalo kwa ugonjwa wako ni muhimu kuliko yote: siku haihitaji kuwa mbaya asubuhi hadi usiku. Viungo vikikaza tangu alfajiri hadi saa nne, ukashindwa kuvaa bila msaada, siku hiyo imehesabika hata kama adhuhuri unatembea sokoni. Nimeona ripoti nyingi zinazosema "mchana hali yake huimarika" kana kwamba mtu huvaa nguo mchana.

Nije kwenye simu ile, maana hapo ndipo sisi Waswahili tunapojichongea. Mkaguzi akianza na "habari yako leo?", umejibu nini? Nakuhakikishia ulisema nzuri, alhamdulillah. Kwetu hilo si jibu, ni adabu. Mtu yuko kitandani na dripu bado ni "sijambo kidogo". Kwenye ripoti huandikwa kuwa alisema anajisikia vizuri. Hali kadhalika "najitahidi", "nasukuma hivyo hivyo", "napika". Kwetu mama akisema napika anamaanisha nyumba hailali njaa, yeye amekaa kwenye kiti anaelekeza na binti anasonga. Mtafsiri ataitoa kama tendo la mikono yako.

Lugha yenyewe ina mitego. Mkono wetu unaanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu ni kuanzia nyonga hadi unyayo. Ukisema "mkono unauma" mwanao atachagua neno moja la Kiingereza, kiganja au mkono wa juu, na ngazi za kuoga na kuvaa zinategemea hasa ni sehemu gani. Kwa hiyo taja: vidole, kiganja, kifundo, kiwiko, bega. Na saa! Nimewahi kusoma ripoti ya mama mmoja iliyoandikwa kwamba huamka saa tano asubuhi. Yeye alisema saa kumi na moja, alfajiri, kwa sababu maumivu humtoa usingizini; kijana aliyezaliwa hapa akatafsiri kumi na moja kuwa kumi na moja ya saa ya ukutani. Mtu anayeteseka tangu alfajiri akageuka mtu anayelala hadi jua limepanda. Simlaumu mtoto. Tena kuna mambo mama hawezi kuyasema mdomoni mwa mwanawe wa kiume, ya choo na ya sidiria, na hayo yana pointi.

Suala la swala limeniuma zaidi, kwa sababu najua jibu kabla hujaniambia: unaswali kwenye kiti. Mwenye kuuliza hakujua kwamba dini inaruhusu hivyo, na hukuulizwa. Andika sentensi mbili tu: tangu mwezi fulani naswali nimekaa, sijasujudu kwenye mkeka kwa sababu nikishuka siinuki bila kushikwa. Kama bado unasujudu siku nafuu, sema hivyo pia, na useme ni siku ngapi.

Kuoga na kuvaa navyo vitazame upya, hata kama jikoni panatosha, maana usimame kwa miguu miwili. Kama uliacha kuingia kwenye hodhi kwa sababu magoti hayapandi ukingoni, na sasa unaoga kwa ndoo na kopo umekaa kwenye kigoda, wao wameona kigoda wakakupa 2 za kifaa. Lakini kuoga, kwa tafsiri ya kanuni, kunajumuisha kuingia na kutoka kwenye hodhi au bafu la kawaida ambalo halijabadilishwa. Anayehitaji kushikwa ili aingie au atoke hupewa 3. Ndoo imekuficha. Ni hivyo hivyo na dera. Ripoti nyingi husema "huvaa mwenyewe nguo pana". Kwa nini sasa unashinda na dera na kandambili? Siku ya kazi, vifungo vya sare anafunga nani? Sidiria je? Soksi na viatu vimo kwenye kipimo, na Leicester ya Januari haikubali kandambili. Anayehitaji msaada wa mtu kuvaa sehemu ya juu ya mwili hupewa 4. Dawa nazo: kama binti ndiye anayezitoa kwenye karatasi ngumu kila jioni kwa sababu vidole havisukumi, hiyo ni pointi 1 ambayo sikuiona kwenye hesabu yako.

Kutembea nitapita haraka. Wamekupa 4, yaani wanaamini unaweza zaidi ya mita 50 lakini si zaidi ya 200. Ukizidi 20 lakini usivuke 50 ni 8, au 10 ikiwa hizo unazimaliza kwa msaada wa fimbo. Kumbuka maneno manne: kama unafika mita 80 kisha lazima ukae na leo huwezi kurudia, hizo 80 si zako. Pima kweli. Gari lililoegeshwa mtaani lina urefu wa kama mita nne na nusu. Hesabu magari unayopita kabla ya kusimama. Usibahatishe, kwa sababu watu wengi wanaosema "mita mia" hawajawahi kuipima mia.

Kazi ya wiki hii ni hii. Piga simu DWP, namba iko kwenye barua, waombe nakala ya ripoti ya mkaguzi. Waambie hapo hapo kwamba unaomba uamuzi uangaliwe upya na kwamba maelezo yanafuata kwa maandishi. Ripoti ikifika, ifuate kazi moja baada ya nyingine. Usiandike malalamiko kuhusu mkaguzi. Najua inawasha, lakini barua yenye kurasa tatu za "alinidharau" na mistari miwili ya jikoni haipati kitu. Andika hivi: kazi ya kwanza, kutayarisha chakula, mmenipa 2, naomba 4, halafu kinachotokea nyumbani. Ningekuwa wewe ningeandika kitu cha namna hii: "Siku nne au tano kwa wiki siwezi kushika kisu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Nilinunua kisu cha mpini mnene mwaka jana. Kinateleza kwa sababu siwezi kukibana. Binti yangu, miaka 17, humenya na kukata kabla ya kwenda shule na mimi hubaki kukoroga. Sufuria ya maji ya viazi hunyanyua yeye. Mwezi uliopita nilijaribu peke yangu, nikaiachia, maji yakanimwagikia mguuni." Bila shaka wewe utaandika yako, iliyotokea kweli.

Na ninarudia neno kweli. Kuna watu kwenye jamii zetu wanaojaza fomu kwa malipo na kumwandikia kila mtu maneno yale yale, hawezi kutembea, hawezi kuvaa, hawezi kusema. Halafu mwombaji anaulizwa swali moja analijibu kwa ukweli, na fomu yote inaanguka pamoja naye. Citizens Advice, shirika la ushauri kwa wananchi, na vituo vya sheria husaidia bure. Wape hao karatasi zako, si fundi wa fomu.

Ushahidi: barua ya GP, daktari wako wa kawaida, inayosema "ana baridi yabisi" haikusogezi, hilo wanalijua. Kinachosogeza ni mtu aliyeona mikono yako ikifanya kazi, au ikishindwa. Binti yako aandike ukurasa mmoja: anafanya nini, saa ngapi, siku gani hakuwepo na ikawaje. Msimamizi wako kazini, kama ni mtu wa kuaminika, aandike kazi alizokuondolea. Hiyo itaua hoja ya "anafanya usafi kwa hiyo anaweza" ambayo nina hakika imo kwenye ripoti. Na wewe weka daftari la wiki mbili. Mstari mmoja kwa siku: niliamka saa ngapi, viungo viliachia saa ngapi, nani alinisaidia nini. Andika saa za Kiingereza.

Jibu la mapitio likija, usishangae kama ni lile lile. Mengi hurudi hivyo. Wengi wetu hukata tamaa hapa, tukidhani tumeshindwa mara mbili, kumbe bado hatujasikilizwa na mtu yeyote nje ya idara ile ile. Jibu hilo ndilo tiketi ya barazani. Una mwezi mmoja mwingine tangu tarehe yake kukata rufaa, kwa fomu au mtandaoni, bila ada. Baraza si la DWP. Liko chini ya mahakama, na kwa kawaida kwenye shauri la PIP hukaa watu watatu: jaji, daktari, na mjumbe mwenye uzoefu wa ulemavu. Kwa miaka mingi sasa zaidi ya nusu ya mashauri ya PIP yanayosikilizwa huishia kwa mwombaji. Sababu si siri: ni mara ya kwanza mtu anakutazama ukijibu.

Kwa hiyo kwenye fomu usichague shauri lako liamuliwe kwa karatasi tu. Chagua kusikilizwa, ana kwa ana kama unaweza kufika. Omba mkalimani, ni bure, na wao ndio wanaomleta. Ndugu haruhusiwi kutafsiri. Andika kwamba unataka Kiswahili cha Tanzania, maana mkalimani wa Lubumbashi, kule Kongo, ni mkalimani mzuri kwa mtu wa Lubumbashi, lakini dakika ishirini za kwanza mnaweza kuzimaliza mkitafutana maneno. Mkizidi kutoelewana, mwambie jaji pale pale. Ukingoja hadi ushindwe ndipo ulalamike, umechelewa.

Baraza linaangalia hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi wa DWP, si siku ya kikao. Kama mabega yameanza kuuma baada ya hapo, hayo hayamo. Kwa hayo utafungua ombi jipya, na mshauri wako akuambie wakati gani linafaa. Kungoja kunaweza kuchukua miezi. Katikati yake DWP wanaweza kukupigia simu wakikupa kiwango fulani ili shauri liishe. Si hila, wakati mwingine wameusoma ushahidi wako vizuri zaidi. Ila usikubali kwenye simu ukiwa umesimama jikoni. Omba muda, piga hesabu ya pointi na mshauri wako, ndipo ujibu. Ukishinda, malipo yanarudi nyuma hadi kwenye ombi lako la kwanza. Ukishindwa, unaweza kuomba sababu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Kutoka hapo kwenda baraza la juu kunahitaji kosa la kisheria, si kutoridhika tu.

Huenda umesikia pia kwamba siku hizi bila pointi 4 katika kazi moja hupati kitu. Hilo lilikuwa pendekezo la serikali la mwaka 2025, na liliondolewa kwenye muswada Julai mwaka huo huo. Walio Scotland wana malipo yao mengine na hatua zao nyingine, wasikuchanganye.

Siku ya kikao watakuuliza umefikaje, umepanda basi au umeletwa, umetoka nyumbani saa ngapi, nani amekufunga viatu. Jibu swali lililoulizwa, kwa siku ya kawaida, si siku mbaya kuliko zote. Wakikuuliza habari ya leo, usiseme nzuri. Sema vidole vilivyo.

Na fimbo. Nenda kama unavyokwenda dukani. Asubuhi ile magoti yakiitaka, ishike. Yasipoitaka, iache nyuma ya mlango, na wakikuuliza waambie ipo, ulipewa na nani, na ni siku zipi kwa wiki huwa unatoka nayo.